Mzee wa Koboko Aliyeita Hewani

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mvara, mjini Arua, saa nane mchana, sijaonja hata tone la pombe.

Nina redio ya kuongea na watu wa mbali. Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani wa Koboko, fundi redio wa jeshi aliyestaafu. Kila Ijumaa akitoka msikitini tulizungumza hewani, naye aliniita Arua, kwa jina la mji wangu. Redio yake ilikuwa kuukuu. Ikipata moto, masafa yake yanahama. Adabu yetu ni kwamba mwenzako akihama usimkimbize: unaiacha swichi kubwa, inayohamisha masikio na sauti yako pamoja, unazungusha ile ndogo, inayohamisha masikio yako tu. Sauti yako inabaki palepale, naye anarudi mwenyewe.

Ijumaa moja aliita akihema. "Arua, kifua iko nauma. Ita watu." Nikamfuata kwa swichi ndogo, nikajibu, nikajibu tena. "Mbona unanyamaza, mtoto yangu?" Simu yake haikupatikana. Mkono wake, sasa najua, haukuwa na nguvu ya kuirudisha redio nilipokuwa mimi. Nami, mjinga, nikashikilia adabu. Akafa akidhani nimemtupa. Unaujua uchungu wa jambo hilo?

Baada ya arobaini yake niliwasha redio. Niamini: "Arua, uko wapi? Mimi iko naita." Ni yeye, anahema vilevile, masafa yanahama vilevile. Kwa mazoea mkono ukaenda kwenye swichi ndogo. Nikauzuia. Nikaizima ile ndogo, nikashika kubwa, nikamfuata mpaka sauti ikanyooka.

"Mzee, mimi hapa! Nasikia wewe! Siku ile pia nilisikia, nilijibu!"

Kisha akasema, taratibu, "Ah. Basi uliitika."

Kesho yake nilikwenda Koboko. Mjane wake, Mama Sauda, akanionyesha redio ikiwa ndani ya gunia. "Betri tulipatia jirani siku ya matanga," akasema, akabaki kunishangaa nikilia kama mtoto.

Mpaka leo, kila Ijumaa saa nane nawasha. Sisikii kitu, na nafurahi kwamba sisikii. Lakini wewe unayesoma, mtu akikuita kwa shida, usitosheke kwamba unamsikia. Nenda alipo, umjibu hukohuko, angali hai.