Inchi Mbili za Njia ya Arash

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilifika gereji ya Karatu nimevaa ovaroli mpya aliyonishonea mama, mikono nimeikunja kabisa, nikidhani kabla ya saa nne nitakuwa nimelala uvunguni mwa gari. Fundi Mkuu alinitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akanyoosha kidole kwenye lori lililopakia magunia ya mahindi ya Rhotia. Alikuwa mtu wa Singida, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Panda juu ya magunia," akaniambia. "Nenda nalo hadi getini Ngorongoro, urudi nalo. Ukirudi uniambie linaumwa wapi."

Niliporudi, aliyeumwa ni mimi. Nikamwambia kiuno kimekufa, hasa upande wa kulia. Akacheka mpaka akashika meza.

"Basi tumeanza kuelewana," akasema. "Upande huo springi imekatika. Leo umeiona kwa kiuno, kesho utaiona kwa macho."

Mazoea hayo tuliyaita kulikalia gari. Fundi hakuruhusiwa kutoa neno juu ya gari lolote kabla hajakaa mahali anapokaa abiria wake, likiwa na mzigo wake, kwenye njia yake. Gari la maziwa ulikaa na madumu. Gari la jeneza, ndiyo, ulikaa pembeni ya jeneza na kuimba na wafiwa. Nyinyi vijana mnachomeka waya, mashine inawasomea ugonjwa kwenye kioo, na siwalaumu. Lakini nakumbuka yale magunia kuliko hata siku ya harusi ya kaka yangu.

Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa chini ya gari: springi, shokapu, bushi na ekseli. Springi za nyuma za magari ya mizigo ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini, vikafungwa kwenye ekseli kwa boliti zilizopinda tunazoziita yuboliti. Ukiongeza bapa, gari linanyanyuka na pia linakuwa gumu. Shokapu haibebi kitu, ingawa wateja wengi wako tayari kuapa kwamba inabeba. Yenyewe inaituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Tulikuwa tunasikia gari likiingia mjini na kujua lina nini kabla halijasimama.

Kutoka Karatu nilihamishiwa kambi ya barabara, juu ukingoni mwa kreta, chini ya Bwana Matengenezo. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache aliyekunywa chai bila sukari na kuandika kila kitu kwenye daftari. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliitana majina ili tusigongane, na spana zilikuwa baridi hadi ngozi inashika. Aliniambia sentensi moja nisiyoisahau: "Huku ukikosea, gari halirudi gereji, linakwenda bondeni." Nikajifunza kukaza boliti, kisha kurudi na kuikaza tena.

Kosa langu kubwa nililifanyia Karatu, niliporudishwa kutunza magari ya zahanati. Fundi Mkuu alikuwa likizo kwao Singida. Dereva wa zahanati moja ya huko Olbalbal, chini ng'ambo ya kreta, alilalamika kwamba gari lake linagonga mawe tumboni. Bwana Usafirishaji, mkubwa wetu wa ofisini, mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama, akaja gereji akiwa na haraka.

"Linyanyue," akasema.

"Mzee, sijalikalia."

"Utalikalia lini? Wagonjwa wanasubiri. Linyanyue."

Nikalinyanyua. Niliongeza bapa mbili kila upande, nikaweka na vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Lilisimama kama dume la ng'ombe mbele ya zizi, na nakiri nililizunguka mara mbili nikijipongeza. Nilikuwa nimelipima likiwa tupu, kwenye sakafu ya saruji, na aliyepanda kulijaribu ni mimi, kijana mwenye miguu mirefu na afya tele.

Baada ya wiki mbili gari lilirudi, na muuguzi wa zahanati akashuka kutoka nyuma, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa msichana wa Mbulu, mwembamba, kilemba cheupe kimegeuka rangi ya udongo.

"Nani amelinyanyua gari langu?"

"Mimi, sista."

Alichukua mfuko wa mchanga uliokuwa karibu na mlango, akanifunga tumboni kwa kanga yake, mafundo mawili mgongoni. "Panda nyuma," akasema. "Na usishikwe na mwanaume."

Mafundi wote wakaacha kazi kutazama. Nilijaribu mara tatu nikashindwa. Mara ya nne nilianguka chali, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sababu yeye hakucheka. Ndipo akaeleza. Kule alikokuwa, mama mwenye uchungu hushughulikiwa na wanawake wenzake. Wanaume husogea mbali, na siku alipoletwa mama mmoja wa kujifungua dereva naye alikuwa amesogea. Waliokuwa na mama yule ni yeye na bibi wawili wazee. Walimwinua wampandishe garini, wakashindwa. Akajifungulia chini, ubavuni mwa tairi, juu ya vumbi.

"Mtoto yupo?" nikauliza, bado nimelala na mchanga wangu.

"Yupo. Mungu alisaidia, siyo wewe."

Jina lake Veronika. Nilimpenda pale pale, nikiwa chini, nimefungwa kanga, na aibu imenijaa mpaka masikioni. Nilitoa bapa zote nilizoongeza. Kisha nikachonga kidato cha chuma, ngazi moja pana ya kukanyagia, nikakifunga nyuma ya gari kwa bawaba ili kikunjwe juu safarini kisiguse mawe. Nilikwenda nacho Olbalbal mwenyewe, nimekaa nyuma njia nzima. Mwaka uliofuata nilikwenda tena, safari hiyo nikiwa na washenga.

Tuliishi pamoja mpaka nywele zetu zikawa nyeupe. Gari lile lilipochakaa likaandikwa la kufutwa, niliomba kidato nikaja nacho nyumbani, nikakiweka mlangoni pa jiko, kwa kuwa kizingiti chetu kiko juu na magoti ya Veronika yalikuwa yameanza kulia. Alikikanyaga asubuhi na jioni. Mimi nilihamia kampuni ya watalii, nikafunga springi za magari ya kwenda kreta hadi siku waliponipa cheti, saa ya ukutani na soda. Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu Veronika akafariki. Nyumba ikawa kubwa ghafla.

Tuna binti mmoja, Paskalina, naye ni tabibu. Alikuwa akifanya kazi hapa Karatu na kulala nyumbani, na tulishazoeana mimi na yeye, kila mtu na kikombe chake. Mwaka huu alipangiwa Arash, kule Loliondo. Akanunua pikapu mpya ya milango minne, nyeupe, bado viti vina nailoni, akaja nayo uani akiwa na furaha.

"Baba, Jumatatu naipeleka Arusha ikanyanyuliwe inchi mbili. Fundi ameniambia, 'Dokta, inchi mbili tu, linakaa kibabe, jiwe lolote unalipita.' Lakini nimesema kwanza nikuulize wewe."

Kuulizwa kulinipendeza, sitaficha. Nilileta jeki, nikaleta na gunia la kulalia, nikaingia uvunguni. Sasa naandika jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa natafuta ubaya. Nilitaka nitoke nimekunja uso, niseme gari hili, linyanyuliwe lisinyanyuliwe, njia ile haliiwezi. Angeniamini. Angeandika barua ya kuomba abaki Karatu, na kikombe chake kingebaki mezani.

"Sijui bado," nikamwambia nilipotoka. "Sijalikalia."

Alhamisi, kwa safari ya kulikalia, tulipakia vitu vyake vyote vya uhamisho: godoro, mtungi wa gesi, mahindi, maharage, mapipa mawili ya maji. Nilipima kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, likiwa tupu na likiwa na mzigo, nikaandika kwa chaki ukutani. Kisha nikafungua mlango wa nyuma.

"Baba, si ukae mbele?"

"Mgonjwa wako atakaa wapi?"

"Mimi sijasema nitabeba wagonjwa."

"Utakataa ukiombwa?"

Akawasha gari. Getini tukaandikisha, tukapanda ukingoni, na ukungu ulikuwa ule ule. Njiani nilimweleza ninayoyajua. Gari likinyanyuliwa, uzito wake unapanda juu, na kwenye kona za kushukia linataka kulala. Shafti za mbele zinakaa mshazari, mipira yake inachanika na mchanga unaingia. Mipira ya breki inavutika. Springi ngumu inampiga mgonjwa mgongoni kilometa baada ya kilometa. Alisikiliza, lakini naye ni binti wa mama yake.

"Sawa, baba. Na mawe je?"

Mawe yalijibu yenyewe. Tulipofika chini, upande wa Olbalbal, tukivuka korongo moja kavu, nyuma ya gari pakalia krrr kwa nguvu. Paskalina alifunga breki. Mbele yetu ng'ombe walikuwa wakipita, wamekonda, na mama mmoja nyuma yao na punda wenye madumu ya maji. Nililijua korongo lile. Ng'ambo yake ndipo ilipokuwa zahanati ya Veronika.

"Umesikia?" Paskalina akasema. "Ni difu hiyo. Ndiyo maana nataka linyanyuliwe."

Nilishuka nikaingia chini ya gari. Difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ilikuwa salama, haina hata mkwaruzo. Kilichogusa ni ndoano ya kuvutia tela, ambayo muuzaji aliifunga nyuma kama zawadi. Ilining'inia chini kuliko kitu kingine chochote, nayo ilikuwa imechubuka rangi. Boliti nne tu. Ukiitoa, gari lile linavuka korongo lile mpaka lizeeke. Springi nilikuwa nimezisikia njia nzima kwa kiuno changu, na zilikuwa nzuri.

Nikabaki nimelala pale. Nilijua nikisema "difu, njia hii halitaiweza" ataamini. Niliona viatu vyake vikisimama kando ya tairi, kisha akachutama, uso wake ukaingia uvunguni.

"Baba, mbona kimya? Gari halifai, au hutaki niende?"

Mama yake angeuliza vile vile, bila kuzunguka. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi, na yeye akaniacha nisingizie.

"Sitaki uende," nikasema. "Gari linafaa. Lisinyanyuliwe. Toa hii ndoano, weka bamba la kukinga injini, na tairi ikichakaa nunua yenye ukuta mnene. Basi."

Alinishika mkono akanitoa. Tukakaa ukingoni mwa korongo tukala maandazi aliyofunga, tukawasalimia watu wa ng'ombe, na yule mama akatuuliza kama tunakwenda Arash, maana ana dada yake kule. Paskalina akamwambia anakwenda kufanya kazi huko, ni tabibu. Mama yule alilitazama gari kwa muda mrefu, upande wa nyuma, akakadiria kimo chake kwa macho. Nikajua anachopima.

Tuligeuza tukarudi Karatu, na Jumamosi nilitoa ndoano. Kisha nikaenda mlangoni pa jiko, nikang'oa kidato. Kilikuwa kimezama kwenye udongo, ikabidi nitumie sururu. Katikati chuma kimelika, king'aavu, mahali pa mguu wake. Nilikisugua kutu pembeni, pale katikati sikupagusa. Matundu yake hayakulingana na ya fremu ya pikapu, nikatoboa mapya, nikakifunga chini ya mlango wa nyuma. Bawaba nikaitia grisi, nikakikunja na kukikunjua mpaka kikaacha kulia.

"Hiki si cha mama?" Paskalina akauliza.

"Kilikuwa cha gari kwanza," nikamjibu. "Panda."

Akapanda, hatua moja, hakushika kitu.

Aliondoka Jumapili baada ya ibada. Hunipigia simu akifika mahali penye mtandao, ananieleza gari linavyokwenda, na amekwishabeba wagonjwa wanne, mmoja wao akiwa dada wa yule mama. Mimi nimestaafu kweli sasa. Mafundi wachanga huja kuniuliza kama wanyanyue gari la mteja, nami nawauliza kama wamelikalia. Kizingiti cha jiko nimekiacha vile vile, sijaweka jiwe wala tofali. Kila asubuhi nikitoka na chai yangu, mguu unashuka kutafuta kile chuma, haukikuti, na mimi nashika mwimo wa mlango kwa muda kabla sijakanyaga chini.