Nukta Katikati ya Ziwa

Rauni Kumpuvaara aliwapikia watoto wa shule ya Kuoskulompolo mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Mwingine angekaa akalia. Yeye akaanza kuhesabu sisimizi. Jumba la makumbusho la huko kusini lilitaka kujua ni aina ngapi za sisimizi zinazoweza kuishi katika baridi yetu ya Lapi, ambako mwezi wa tano bado unakanyaga theluji, likatafuta mtu wa hapahapa mwenye miguu na subira. Mimi Taimi, jirani yake, nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Umekosa kazi, Rauni?"

"Nimeshaipata. Na wewe ukiacha kuropoka nitakuweka kwenye chupa, nikuandike aina mpya."

Kazi hiyo aliifanya majira ya joto kumi na tisa. Alifukia vikombe vya plastiki ardhini mpaka ukingoni, akatia maji ya sabuni, sisimizi wakapita wakateleza ndani. Mwaka wa kwanza alitia na chumvi wasioze, kulungu wa kufugwa wa kijiji kizima wakasikia harufu, wakaja kulamba na kung'oa kila kikombe. Akajifunza. Alibinua mawe yanayoota jua, akapasua visiki vilivyooza, akawafyonza wadudu kwa mrija huku mbu wakimla shingo. Kila chupa ilipata kikaratasi cha penseli: siku gani, mahali gani, nani kaokota. Bila mahali, alikuwa akiniambia, sisimizi si ushahidi wa chochote, ni mdudu aliyekufa tu. Kwa mtindo huo alifikisha aina kumi na moja, na kila moja aliijua kwa mwendo wake kama ninavyowajua majirani zangu.

Sasa lazima niseme habari za lakka, maana bila hizo hutaelewa kosa lake. Lakka ni yale matunda ya manjano ya kwenye vinamasi, kila kijiti na tunda lake moja. Hapa kwetu mtu atakusimulia ugonjwa wake wa tumbo hadi ukose hamu ya kula, lakini hatakuambia anakochuma lakka. Ukimuuliza ataonyesha kwa kidole upande usio wenyewe. Hakuna anayeuita huo uongo. Mjinga ni aliyeuliza.

Kinamasi cha akina Kumpuvaara kilikuwa cha mama yao. Siku za mwisho za uhai wake aliwaita wanawe wawili, Oiva na dada yake mdogo Rauni, akawaapisha wasimwonyeshe mtu. Nakiri nimekitafuta miaka thelathini. Mara moja nilimfuata Rauni kimyakimya tangu asubuhi, akanizungusha msituni saa nne nzima, tukatokea nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. "Karibu nyumbani, Taimi," akaniambia, akaenda zake.

Basi, majira ya joto ya kumi na tisa, kwenye kisiki cha msonobari pembeni mwa kinamasi hichohicho, Rauni alimpata wa kumi na mbili. Kasisimizi kadogo, keusi, kenye kichwa kipana, kanakoishi ndani ya nyumba za wenzake na kulelewa nao. Kaskazini namna hii hakuna aliyewahi kumwandika. Rauni alikuja kwangu mbio, chupa mkononi, akanikumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko ya mume wangu. Jioni akajaza fomu. Alipofika kwenye ramani, mkono wake ukafanya kile mikono yetu sote ingefanya. Ukatia nukta upande wa pili wa kilima.

Upande wa pili wa kilima ni ziwa.

Inka Sarlund, daktari wa wadudu wa pale makumbusho, alikuja mwenyewe mwezi wa nane kukitazama kisiki. Akakodi mashua, akapiga makasia mpaka kwenye nukta, akakuta maji. Alipoingia jikoni kwa Rauni nilikuwa pale nakunywa kahawa, na sikuondoka.

"Rauni, sisimizi wako wanaogelea?"

Rauni akammiminia kahawa.

"Mimi sicheki," Inka akasema, na kweli macho yalikuwa mekundu. "Una nukta mia sita kwenye ramani yetu. Kama hii ni ya uongo, hizo nyingine nitaziaminije? Wenzangu wanataka tuzifute zote. Miaka yote kumi na tisa. Nimewaambia wanipe wiki hii. Nionyeshe kisiki, nitawajibu. Usiponionyesha, sina la kuwaambia."

"Zile nyingine ni za kweli."

"Na hii?"

Rauni alitazama mikono yake. Mimi nikaelewa palepale sisimizi yule katoka wapi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikufurahi kukikaribia kinamasi kile.

"Nipe mpaka kesho," Rauni akasema.

Tulikwenda kwa Oiva pamoja, kwani aliniomba nimsindikize. Kiharusi kilimpiga Oiva miaka mitatu iliyopita, mguu wa kushoto anauburuta, na tangu hapo hajafika kinamasini. Siku nzima hukaa dirishani na kuwagombeza ndege. Rauni akamweleza yote.

"Mama alisema nini?" Oiva akauliza.

"Tusimwonyeshe mtu."

"Haya. Maneno yamekwisha."

"Kaka, watafuta miaka kumi na tisa."

"Ya wadudu!"

"Ya kwangu!" Sijawahi kumsikia Rauni akipaza sauti hivyo. "Sina mtoto, Oiva. Watoto niliowapikia wamehamia kusini, hawakumbuki hata uji wangu. Kitu pekee nilichofanya kikabaki ni zile chupa. Na sasa wataniita mwongo."

Nikashindwa kujizuia. "We mzee una roho ngumu! Mdogo wako anakufa kwa aibu, wewe unalinda matunda!"

"Taimi, nyamaza. Unazitaka lakka zetu, unadhani sijui?"

"Nazitaka! Nani hazitaki? Hilo si la leo."

Rauni akavaa kofia yake. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulinitia hofu kuliko makelele. "Kesho nampeleka, kaka. Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja uambiwe na mimi, usiambiwe na watu."

Oiva akaivuta fimbo yake karibu. "Basi na mimi nakwenda," akasema. "Wageni hawataingia kwa mama bila mwenyeji."

Nilidhani Rauni atashukuru. Badala yake uso ulimpauka. "Mguu wako, kaka. Kuna mbao zinazoteleza. Tafadhali, baki tu."

"Nimesema nakwenda. Na huyu mdaku aje pia, anishike mkono. Potelea mbali."

Asubuhi tukampandisha Oiva kwenye kitoroli nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, nami nikakaa naye nimemshika. Njia ile niliipita mara mia na sikuiona, kwa sababu mwanzo wake umefunikwa na mti ulioanguka, na mti wenyewe una kamba ya kuuvutia kando. Nikatukana kimoyomoyo. Mwisho wa njia tukamtoa Oiva, tukamtembeza juu ya mbao, hatua moja, pumzi tatu.

Kisha kinamasi kikafunguka mbele yetu, nami nikasahau kutukana.

Lakka zilikuwa kila mahali, na zilikuwa zimeharibika. Kijiti baada ya kijiti, tunda limeiva likapita, limelainika, limedondokea matopeni. Harufu yake ilikuwa ya jamu iliyochacha. Pembeni tu, karibu na kisiki, palikuwa pamechumwa kiasi cha ndoo moja.

Oiva alisimama na fimbo yake, anatazama. Rauni hakumtazama. Alimpeleka Inka kwenye kisiki, akainua gome taratibu kwa ncha ya kisu. Inka akalala kifudifudi kwenye maji, nguo zake nzuri zote, jicho kwenye kioo cha kukuzia. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anacheka na matope kidevuni.

"Yupo," akasema. "Watatu, na mama yao."

Oiva alikuwa amemgeukia dada yake.

"Mwaka huu uliniambia baridi iliua maua."

"Ndiyo."

"Na mwaka jana ulisema mvua."

"Ndiyo, kaka."

"Na mwaka juzi?"

Rauni alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Peke yangu siwezi kubeba zote. Na mtu wa kunisaidia hakuna, tuliapa. Ningekuambia zinaoza huku umefungwa kwenye kile kiti? Ungekufa, Oiva. Bora ulaumu mvua."

"Miaka mitatu unanidanganya."

"Wewe, ndiyo. Miaka mitatu." Akajifuta pua kwa mkono. "Kwa wadudu nilidanganya mara moja tu."

Inka alikuwa amesimama na daftari lake, maji yakimchuruzika. "Hilo nitawaambia wenzangu," akasema polepole. "Rauni, mahali pa aina adimu tunaweza kupaficha. Kwenye ramani ya watu wote tutaweka eneo pana tu, pasijulikane ni wapi hasa. Tunafanya hivyo kwa viota vya tai."

Rauni akamtazama kaka yake. Oiva akatazama kinamasi, akanitazama mimi mwenye goti bovu, akatazama tena kinamasi.

"Mpafiche ili nani asipaone?" akauliza. "Kijiji chote ndicho hiki kimesimama hapa. Andika mahali penyewe, binti. Na jina la dada yangu uliandike sawasawa."

Kisha akaomba ndoo. Tulimketisha kwenye mbao, miguu ndani ya maji. Karibu naye palikuwa na matunda machache ambayo bado yalikuwa mazima, upande wa kivuli. Nikachuma mawili, nikanyoosha mkono nimtilie.

"Acha," akasema. "Hizo ni zako. Zangu nitachuma mwenyewe."