Sinia Moja la Muhogo

Bado naisikia sauti ya sinia likiburuzwa kwenye sakafu ya darasa.

Wenzangu, mnajua mwaka mzima nimefundisha kwa bustani yetu ya muhogo. Watoto walipima mashina kwa rula, wakachora majani, wakaandika habari za mvua. Leo tumeung'oa, tukaupika kwa nazi, nikaupakua katika sinia moja.

Nikasema, "Haya, bismillahi."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kisha Mize, mpole kuliko wote, akalisukuma sinia mbali na Hamadi, anayekaa naye dawati moja.

"Mwalimu, baba kasema tusile na watu wa chama cha kina Hamadi."

Hamadi akacheka. "Na nyie kisimani kwetu msije!"

Watoto wa miaka minane!

Nikangoja wengine nao wacheke. Badala yake wakaanza kuhama, wengine upande wa Mize, wengine upande wa Hamadi. Mimi sikujua nani ni wa upande gani. Wao walijua.

Mwalimu mkuu akachungulia dirishani. "Bi Salma, azima sinia la pili, yaishe."

Nikaenda kuliazima nyumba ya jirani. Niliporudi nalo, makundi yote mawili yalikuwa yananitazama nitampakulia nani kwanza. Nikaona nikigawa chakula leo, kesho nitagawa madawati.

Nyinyi mngefanyaje?

Mimi nimelirudisha kwa mwenyewe bila kulitia hata kipande. Kisha nikakaa chini mbele ya lile moja, nikala peke yangu, na darasa zima linanitazama.