Mwaka wa Kupunguza Moshi

Saa nane mchana, jua la Isiolo limewaka mpaka mabati yanalia. Habibo ameinama juu ya kibuyu, mkononi ana kijinga cha ejersa, mti wa kwao wenye moshi mzito na mtamu. Anakizungusha ndani, anaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Mara anakumbuka, ananyoosha mikono, anakisogeza kibuyu mbali na uso. Amechelewa. Kikohozi kimemshika, naye ameshika ukuta.

"Ngoja kidogo," anasema, kama anayezungumza na kifua chenyewe.

Hiyo ndiyo kazi yake, kufukiza vyombo vya maziwa. Alasiri lori litateremka kutoka Meru na maziwa ya wakulima. Faduma, mchuuzi wa hapa mjini, atayatia katika vibuyu hivi, na jioni watu watafuturu nayo, maana ni Ramadhani. Mpaka wiki iliyopita Habibo alifukiza vibuyu kumi na viwili kwa siku, senti kumi kila kimoja.

"Bila moshi hayo ni maji meupe tu," anasema Faduma. "Huyu abayo, dada yangu huyu, ndiye anafanya maziwa ya Meru yasahau Meru."

Habibo ana miaka thelathini na moja. Alizaliwa Korbesa. Aliletwa mjini mwaka 1964 kutibiwa mguu, akitarajia kukaa mwezi mmoja. Mguu ulipopona, vita vya serikali na mashifta, waasi wa kaskazini, vilikuwa vimepamba moto na njia imefungwa. Asiye na pasi haendi popote. Watu wa kwao hali hii wanaiita daaba, yaani kusimamishwa. Mama yake, Mako, alibaki huko, na tangu hapo Habibo hajapata hata salamu.

"Yeye ndiye alinifundisha," anasema. "Nikiinamia kibuyu namsikia ananigombeza, 'Wewe! Unafukiza ama unapika?'"

Anacheka. Kisha kwa sauti ndogo anakiri kwamba siku nyingine husogeza uso karibu kuliko inavyohitajika, na kuivuta ile harufu mpaka machozi yanatoka. Machozi ya moshi, anasema, hakuna mtu anayeyaulizia.

Kifua kilianza miaka miwili iliyopita. Januari ya mwaka jana makohozi yake yalipimwa, ikaonekana si kifua kikuu. Mutembei, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika zahanati moja mjini, akampa lengo moja la mwaka mpya: "Mama, mwaka huu wacha moshi."

Habibo alitoka pale ameona mzigo mwepesi. Sigara hajawahi kuishika maishani mwake. Hata hivyo hakutaka kuvunja neno la daktari. Kila alipokaribia kwa mzee Warsame, fundi wa cherehani anayevuta tangu asubuhi, alivuka barabara akiwa amefunika pua kwa leso.

"Habibo, kwani mimi nanuka?" mzee alimwuliza siku moja kwa hasira.

"Hapana, mzee. Daktari amenikataza wewe."

Wiki hii ya kwanza ya Januari 1967 alirudi zahanati. Mutembei akamwuliza kama alitimiza lile lengo.

"Nimetimiza, wallahi. Mwaka mzima."

Dresa alisikiliza kifua, akatikisa kichwa. Kisha akanusa. "Na hii harufu ya moshi kwa leso yako?"

"Hiyo si moshi, daktari. Hiyo ni kazi."

Mutembei alicheka mpaka akaketi. Kicheko kilipoisha, uso wake ulikuwa mwingine. "Kosa ni langu," anasema sasa. "Aliitikia upesi, nami sikumwuliza anafanya kazi gani." Alimwambia Habibo aiache kazi hiyo kabisa.

"Hiyo siwezi kuahidi," Habibo alimjibu. "Nitakudanganya tena mwaka mzima."

"Basi sema wewe. Mwaka huu unataka nini?"

"Kutembea mpaka Korbesa."

"Korbesa imefungwa, mama."

"Imefungwa leo. Siku ikifunguliwa, nisikute kifua changu ndicho kimefungwa."

Korbesa ni mwendo wa siku nyingi. Kwa sasa Habibo husimama kupumua mara nne kabla hajafika kizuizi cha barabara mwisho wa mji. Wakaanzia hapo. Vibuyu viwe sita. Kazi ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni. Na kila asubuhi kafyu ya usiku ikiisha, atembee mpaka kizuizini na kurudi. Kufikia mvua ndefu, awe anasimama mara moja tu.

Faduma hakuipenda habari hiyo. "Sita? Na Idi iko mlangoni?"

"Niletee mtu nimfundishe hivyo vingine."

"Nani atakubali kugombezwa na wewe?"

Lakini jambo gumu, anasema Habibo, si Faduma. Upepo ukiwa mgongoni, harufu inaenda zake bila kumpitia. "Kifua kinafurahi. Mimi sifurahi."

Jana asubuhi alifanya mwendo wake wa kwanza. Alisimama mara nne, kama kawaida, na mara ya nne alikaa kabisa juu ya jiwe. Kizuizini, askari alimwangalia akija polepole, mikono mitupu.

"Unaenda wapi, mama?"

"Korbesa."

Askari akakunja uso. "Pasi iko wapi?"

"Leo nafika hapa tu," Habibo akasema, akageuka kurudi.