Daftari la Wagonjwa la Mzee Anyona

Mimi ni Mokeira, nina miaka kumi na miwili, na nimekasirika. Nimeanza na hilo ili usije ukaniambia nitulie. Watu wameniambia nitulie tangu Juni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanza.

Tunakaa karibu na Itumbe, ambako hata ua wa kanisa letu la Wasabato umepakana na majani chai. Nalelewa na nyanya yangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Magokoro. Nina mkono mwepesi wa kuchuma chai, nina sauti nzuri, na nina tumbo linaloogopa watu. Nikiimba katikati ya wenzangu kwenye kwaya ya watoto, tumbo linalala. Niite mbele peke yangu, linaamka.

Mwisho wa kila robo kuna Sabato ya kumi na tatu, na watoto husimama mmoja mmoja kusema mafungu ya kukariri. Nilikuwa nayajua yote kumi na matatu. Nilipofika la saba niliinua macho, nikaona kanisa zima linaniangalia, nikatapikia maua ya mezani.

(Mchoro wa kwanza: maua. Matapishi sijachora kwa sababu rangi ya kijani imeniishia.)

Magokoro alinipeleka duka la dawa sokoni. Huku kwetu hata ukiumwa na kidole utaambiwa ni taifodi. Nilimwambia mwenye duka si taifodi, ni woga. Akasema woga hauna sindano, akanidunga ile aliyokuwa nayo, siku saba mfululizo. Siku mbili za mwisho nilikaa upande mmoja.

Halafu Magokoro, kwa upendo wake, akapeleka jina langu kwa Mzee Anyona. Najua ni upendo, ndiyo maana nilishindwa kumkasirikia vizuri. Mzee Anyona ni karani wa kanisa. Ana daftari jeusi la wagonjwa wa kuombewa, na kila Sabato hulisoma lote polepole, jina na ugonjwa. Mzee Ratemo, mkojo. Geoffrey, bawasiri. Mokeira, tumbo, alitapika mbele za watu, taifodi.

Wiki saba nilisomwa hivyo. Shuleni wakaanza kuniita Taifodi. Nyanchera, rafiki yangu wa dawati moja tangu tuko wadogo, akabeba vitabu vyake akahamia nyuma. Kisha Dada Maureen wa kwaya akatangaza kwamba watoto walio kwenye daftari hawataimba makambini, wapumzike wapone. Makambi ni mara moja tu kwa mwaka, makanisa yote ya hapa yanakusanyika chini ya turubai moja, na mimi nilikuwa nafanya mazoezi tangu Februari. Hapo sasa ndipo nilipokasirika kabisa.

Nilimngoja Mzee Anyona nje ya kanisa.

"Mzee, naomba unifute."

"Umepona?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ningeficha namna gani, mzee? Nilitapika mbele ya watu mia mbili."

Hakucheka. Alinieleza utaratibu: jina hufutwa mwenyewe akisimama mbele, atoe shukrani, kanisa liseme amina. Hebu soma tena hapo. Kusimama mbele ndiko kunakoniumiza, na ili waache kusema naumwa, lazima nisimame mbele. Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu aje mbio ndipo afungwe plasta.

(Mchoro wa pili: Mzee Anyona. Mdomo hauko mkubwa kupita kiasi, niliupima kwa macho.)

Sabato ya mwisho kabla ya makambi, nilienda mbele. Mzee Anyona alikuwa kando ya meza, daftari wazi kwenye ukurasa wangu, kalamu ya kunifuta mkononi. Nilikuwa nimeandaa shukrani fupi. Kikatoka kitu kingine.

"Sijapona," nilisema. "Na sikuwa na taifodi. Tumbo langu linawaogopa nyinyi. Kila wiki mnasomewa tumbo langu, mnageuka wote kuniangalia, halafu mnashangaa kwa nini linauma. Geoffrey naye siku hizi anakaa mlangoni ili atoke kabla hajasomwa. Kwani Mungu hatujui mpaka tutangazwe?"

Mzee Anyona akanyoosha mkono anishike bega, na tumbo likaamka. Nilitafuta maua. Wiki hiyo hapakuwa na maua. Palikuwa na daftari.

(Mchoro wa tatu: nimekataa kuuchora.)

Magokoro alikuja mbele akanifuta mdomo kwa leso yake. Hakuniambia nitulie. Aliwageukia watu akasema, "Ni mimi niliyemwandikisha, na sikumuuliza." Tukarudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye migomba yetu akasimama, akaniuliza, "Huo woga ukija, unakujaje?" Nilianza kumweleza pale pale, nikaendelea jikoni mpaka chai ikachemka ikamwagika, na hakuna aliyeinuka kuipunguzia moto.

Jumanne Mzee Anyona alipita nyumba kwa nyumba na daftari jipya, akiwauliza wagonjwa wanataka kuandikwaje. Geoffrey alisema jina tu, yatosha. Mzee Ratemo alimwambia aandike mafua. Kwetu alisimama mlangoni.

"Na wewe, Mokeira?"

"Usiniandike."

Akafunika kalamu. Magokoro alimkaribisha chai. Mimi sikumkaribisha, bado nilikuwa na hasira naye, na hata leo iko, imepungua tu.

Dada Maureen aliangalia daftari jipya, hakuona jina langu humo, akanipa sare. Makambini watu walikuwa wengi mpaka nje ya turubai, na tumbo halikudanganyika eti niko na kwaya. Nilitapika nyuma ya vyoo kwaya ikikaribia kuitwa. Nyanchera alikuja akanishikia skafu yangu, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Nikapangusa mdomo, nikaingia mstari wa pili, nikaimba nyimbo zote tatu, na hakuna mtu aliyeniandika mahali popote.