Koti la Nusukilo

Sisi tuliokulia mtaa wa Nyakabanda wakati simu zilipokuwa bado hazijawa na akili kuwapita wenye nazo, tulikuwa na kazi moja tu duniani: kufungua vitu. Redio ikinyamaza asubuhi, kufika adhuhuri tumeshaipasua tumbo. Tulicheza mpira wa majani ya mgomba, tulikimbiza ringi za baiskeli mteremkoni mpaka vumbi jekundu likatuingia kwenye magego. Tukichoka tulikaa kwenye ukuta wa mama wa chapati, tukala maharage kwanza, chapati tukaibakiza ya kupangusia sahani. Sahani zetu hazikuhitaji kuoshwa. Mama wa chapati mwenyewe alikiri.

Baba alikuwa fundi cherehani. Duka letu lilinuka pasi ya mkaa, mafuta ya mashine na sufu mpya, na hata leo nikipita mahali penye harufu hiyo miguu inasimama yenyewe. Alikuwa na msemo wake: "Mtu hukutana kwanza na nguo yako, wewe unafuata." Kwa hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyetoka nje na kifungo kilicholegea. Hata paka wetu, nadhani, alijichunguza mlangoni.

Nilipokuwa darasa la mwisho kabla ya sekondari ya juu, mwalimu wetu wa fizikia alianzisha klabu ya roboti. Alitueleza mchezo: roboti mbili ndogo zinawekwa kwenye ulingo wa mviringo, mweusi, wenye ukingo mweupe. Zinasukumana. Ya kwanza kuanguka nje imeshindwa, na atakayeshinda raundi mbili kati ya tatu anapita, mwenzake anarudi nyumbani. Roboti isizidi nusu kilo, ienee kwenye kisanduku cha sentimita kumi kwa kumi, na raundi ikishaanza mtu haruhusiwi kuigusa. Ijionee adui yenyewe, ijionee ukingo yenyewe.

Mimi na Mutesi, msichana aliyekaa dawati la mbele yangu, tukaungana. Mutesi alikuwa na kichwa cha watu kumi na wawili, mimi nilikuwa na mikono na mdomo. Mota tulizitoa kwenye redio za kaseti zilizokufa. Magurudumu tulikata kwenye kandambili. Bledi ya mbele, ya kumchota adui, ilikuwa kopo la nyanya lililonyooshwa. Ubongo, kibao kidogo kama kiberiti, tuliazimwa na klabu. Chini ya tumbo, mbele, tulifunga jicho la mwanga: likiona weusi, songa mbele, likiona weupe, hapo ni ukingoni, rudi nyuma haraka. Tulipoipima kwenye mizani ya muuza viungo ikakaribia nusu kilo, tukamwita Nusukilo. Nguvu zake, nawaambia ukweli, zingevuta lori la sementi mpaka mji wa Huye. Nyumbani alisukuma kamusi mbili na kiatu cha Baba.

Sasa mdomo wangu. Baba hakuipenda klabu. Alitaka nikimaliza mwaka ule nikae naye dukani, Mama alitaka niendelee na shule, na mjadala huo ulikuwa ukichemka jikoni kila jioni kama sufuria ya isombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Siku moja, duka limejaa wateja wa sikukuu, Baba akasema, "Yewe, hako kagari kako ka kusukumana katakupeleka wapi?" Nami, mbele ya watu saba, nikajibu, "Baba, Nusukilo asiposhinda hata mchezo mmoja, shule naacha. Nitakaa kwenye cherehani kila siku, tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa."

Mashine zikanyamaza. Baba akawatazama wateja. "Mmemsikia."

Usiku Mama akamwambia, "Mtoto ameropoka tu." Baba akajibu, "Ameropoka mbele ya watu."

Mashindano yalifanyika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mchana, baada ya watu kurudisha majembe. Asubuhi ile, nikifunga waya wa mwisho, Baba aliingia na futi shingoni. Kumbe juzi yake nilipokuwa shuleni alikuwa amempima Nusukilo kifua, mabega na kiuno. Roboti haina kiuno, lakini Baba alikipata. Akatoa koti dogo la kitambaa cheusi cha suti, vifungo viwili, ndani bitana jeupe la kuteleza, upindo umeshonwa kwa mkono.

"Haendi mbele za watu uchi," akasema. "Na mimi nakuja. Nimefunga duka."

Baba kufunga duka. Alikuwa hajalifunga hata siku aliyougua malaria. Nilimvalisha Nusukilo palepale.

Ukumbini tulipita mizani, tukapita kisanduku, koti likabanwa kidogo lakini likaenea. Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa na vijana wa shule ya Kagarama, roboti yao ya bati tupu, imekwaruzwa kama fenda ya basi. Mmoja wao akamwangalia Nusukilo, akasema, "Sha, huyu iko anaenda harusi?" Watu wakacheka. Baba, safu ya tatu, alikuwa akimweleza jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Ile koti mimi ndiyo nimeshona."

Mwamuzi akatoa ishara. Nusukilo akatulia sekunde tano za kanuni, kisha akaondoka. Kwa kurudi nyuma. Hakuguswa na mtu. Alirudi, akarudi, kwa adabu, kama mtu anayeaga wakwe, mpaka akaanguka nje ya ulingo.

Mutesi alimgeuza, akaelewa kabla yangu. Bitana lilikuwa linaning'inia mbele ya jicho. Nusukilo alikuwa akiona weupe kila mahali. Kwake dunia nzima ilikuwa ukingo.

"Mvue koti," Mutesi akaninong'oneza.

Nikainua macho. Baba alikuwa amenyoosha shingo, mkono mmoja umeshika futi, anasubiri. Hakujua kilichotokea.

"Siwezi," nikasema.

"Hamisi. Tukipoteza hii ni cherehani. Ulisema mwenyewe."

"Mutesi, siwezi."

Akavuta pini kwenye nywele zake, akanipa. Nikakunja bitana juu, nikalibana. Raundi ya pili Nusukilo alimchota yule wa Kagarama akamtupa nje kabla watu hawajakaa vizuri. Ukumbi ulitikisika, walisikia mpaka Bujumbura. Raundi ya tatu wakagongana katikati, wakasukumana paji kwa paji, na nikaona pini ikichomoka. Bitana likashuka taratibu. Nusukilo akaanza kuaga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Baba, mlima wote. Nusukilo nilimpakata, koti lake limefungwa vifungo vyote viwili. Karibu na duka Baba akauliza, "Ni bitana?"

"Ni bitana."

Akaupapasa upindo wa koti kwa kidole.

"Na ulijua tangu mara ya kwanza."

Nikalichomeka bitana ndani ya koti. Hakuuliza tena.

Neno lilibaki neno. Mwaka ulipoisha nilikaa kwenye cherehani, wateja wale wale wakanishuhudia, na Mama akawa hasemi na Baba ila kwa kupitia kwangu. Nilishona suruali za kutosha kuvisha nchi tatu. Kisha siku moja shule zilipofunguliwa, Baba alisimama saa kumi na moja kamili, jua bado kali, mteja yuko mlangoni, akaanza kuteremsha mlango wa bati.

"Fundi, mapema hivi?" mteja akauliza.

"Leo nimefunga." Akanigeukia. "Ulisema mpaka duka linafungwa. Kulifunga ni kazi yangu. Shule ya jioni inaanza kumi na moja na nusu, kanawe uso."

Alifunga saa kumi na moja kila siku, miaka yote minne ya shule hiyo ya jioni, na wateja wa jioni wakahamia kwa fundi mwingine. Hivyo ndivyo mimi nilivyosoma.

Siku hizi naalikwa kusimamia mizani kwenye mashindano ya watoto. Roboti zao zinakuja ndani ya maboksi, magurudumu ya silikoni, na zinaamua mambo kabla hujapepesa. Nusukilo wangu zingemsukuma kwa pumzi tu. Watoto hawa wana akili kutushinda, nakubali, ingawa nusu yao hawajui kushika bisibisi upande upi. Mtoto akishindwa anatuma ujumbe nyumbani, na kabla hajaketi jibu limeshafika: kidole gumba na moyo. Simu inarudi mfukoni.

Mimi bado nafungua mizani, nafunga mizani. Ila kila raundi ya kwanza ikianza, macho yangu yanakwenda yenyewe safu ya tatu, kutafuta mtu mzima yeyote aliyeacha kazi yake akaja. Mara nyingi viti ni vitupu. Akiwepo mmoja, hata kama mtoto wake ameanguka vibaya, simwonei huruma yule mtoto.