Siku Niliyoziba Ndiva kwa Mgongo

Jamani, leo nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipanda kijijini Suji, milimani Upareni, na mshenga wangu kupeleka posa kwa kina Nakijwa, suti mpya, viatu vinang'aa, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa kimya (muoaji hasemi, mshenga ndiye mwenye mdomo). Tukiwa tunamsubiri shangazi mtu, ambaye bila yeye hakuna posa, baba yake Nakijwa akaniuliza, "Hivi huko chuo kikuu unasomea nini hasa?"

Ningejibu "fizikia" yakaisha. Lakini mimi na kiherehere changu! Nikaanza: mzee, kuna kitu kinaitwa grafini, utandu wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu, ukiukata uwe kipete kisichoonekana kwa macho, elektroni ikifika inapita pande zote mbili kama wimbi, na mawimbi yakikutana kule mbele ama yanaongezana nguvu, ama yanafutana na umeme haupiti.

"Kitu kimoja, njia mbili, kwa mpigo?" mzee akaguna. "Hapana bwana."

"Twende nikuoneshe, baba."

Nikampeleka kwenye ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia, pale mfereji unapogawanyika kulizunguka jiwe kisha unaungana tena. Mfereji mkavu. Nikasema nilegeze kidogo tu kizibo cha tundu la ndiva, nipate mawimbi mawili matatu (Mpare mzima mimi, najua fika kwamba maji ni zamu na kizibo hakiguswi ovyo!). Kizibo kikachomoka chote, kikateremka na maji bondeni.

"Maji ya shangazi hayo!" Nakijwa, aliyekuwa ametufuata nyuma, akapiga yowe. "Zamu yake kesho, na maharage yanakauka!"

Nikajitosa na suti yangu, nikabana tundu kwa mgongo. Maji yakakatika, ila na mimi nikanasa, baridi hadi kifuani, meno yanagongana, watu wanazidi kujaa ukingoni. Mara shangazi huyo, kajitanda kanga.

"Shikamoo, shangazi," nikasema kutoka majini.

"Marahaba. Ukiinuka hapo kabla hakijapatikana kizibo, hapa huoi."

Akaketi. Basi posa ikazungumzwa palepale, wao wanakunywa chai, mimi nimeziba tundu. Mbuzi wakiongezwa, naitikia. Blanketi la babu, naitikia. Shangazi akataja vyake taratibu, kimoja kimoja, na vyote nikaitikia, ningefanyaje? Alipomaliza ndipo akainuka na kunirushia kizibo kipya, alikuwa amekikalia muda wote.

Mke nimempata. Ila grafini, wallahi, naifundisha kwa chaki tu.